Mwizi Aliyemlipia Mama Vifungo Kodi

Saa mbili asubuhi, cherehani tatu zinanguruma barazani na Mama Vifungo hataki kuachwa nyuma. Mguu unakanyaga, mkono unasukuma kitambaa, midomo imebana pini nne. Kola ya sare ya shule inageuka, inakaa. Anaitupa kwenye rundo na kushika nyingine.

"Shule zinafunguliwa Jumatatu," anasema baada ya kuzitema pini kiganjani. "Wazazi wote wamekumbuka leo kwamba watoto wamerefuka."

Miezi minne iliyopita baraza hili lilikuwa limenuna. Ugonjwa uliingia, shule zikafungwa, na fundi huyu anayemtunza mama yake mzazi na binti yake akabaki akiipangusa vumbi cherehani. Zamani alitoa sare arobaini kwa wiki. Mwezi ule mzima alibadilisha zipu mbili.

Kisha mwenye nyumba akaja na kusimama mlangoni, barakoa imemshuka kidevuni. "Dada, kodi hulipi. Mwisho wa mwezi nataka chumba changu."

"Wateja wangu wanakijua chumba hiki kuliko wanavyoijua sura yangu," anasema Mama Vifungo. "Ningetoka hapa, wangenipata wapi? Nishonee uvunguni?"

Serikali ilikuwa imetangaza kuwalipia mafundi wadogo kodi ya miezi mitatu. Akajiandikisha, akangoja. Kilichotaka kumponza ni desturi ya baraza lenyewe.

Mafundi hawa wamelizwa sana na matapeli wa simu. Mama Vifungo aliwahi kupoteza mtaji wote wa vitambaa kwa mtu aliyempongeza kwa kushinda friji. Tangu siku hiyo walikubaliana: akipiga mtu wa pongezi, simu inawekwa sauti ya juu, inapitishwa cherehani hadi cherehani, na kila fundi anachangia kejeli yake. Wenyewe huita hivyo kumpiga mtu pasi.

Basi Alhamisi moja simu ikaita. Sauti ya kike, imekwaruza: "Hongera mama, umechaguliwa kupata msaada wa..."

"Jamani, pasi imeshika moto!" akaita Mama Vifungo, kisha akafungua yeye: "Kamdanganye shangazi yako!"

"Umekosa hata mchumba wa kumwibia?" akadakia jirani yake, mshona magauni.

Fundi suruali, mwanamume pekee barazani, akamalizia: "Na sauti hiyo kaitie mafuta kwanza!"

Simu ikakatwa, wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Kicheko kiliisha kesho yake asubuhi. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara alikuja akitabasamu: kodi yake imelipwa. "Alinipigia dada mmoja kuhakikisha kama ni mimi. Sauti kama msasa! Kasema ambaye hajathibitisha hadi leo jioni, nafasi yake anapewa mwingine."

"Nilikalia mkasi na wala sikuusikia," anakumbuka Mama Vifungo.

Akaipigia namba ile. Haikupokelewa. Akajitanda khanga, akaenda kwa miguu hadi ofisi za manispaa, akapanga foleni ya watu walioachiana nafasi, wote wamejifunika pua na mdomo. Alipofika dirishani aliona macho mawili tu.

"Karibu mama, nikusaidie nini?" Sauti ilikuwa ileile.

Mama Vifungo akaibana yake, akaifanya nyembamba kama ya mgonjwa, akaeleza shida.

Ofisa alimtazama kidogo. "Mama, hata uikunje vipi, sauti hiyo naijua. Shangazi yangu anakusalimu."

"Mwanangu, nisamehe. Nilidhani wewe mwizi."

Yule dada akaangua kicheko, foleni nzima ikageuka. "Wiki hii nimetukanwa na wengi, lakini kwa kwaya, ni ninyi tu!" Akamthibitisha palepale. "Na kwenye orodha yangu kuna fundi suruali wa baraza lenu, bila shaka ndiye yule baba wa mafuta, naye hajathibitisha. Mwambie aje mbio."

Fundi suruali alikuja mbio kweli, sindano bado imechomekwa kwenye shati.

Kodi ililipwa wiki iliyofuata. Mwenye nyumba akarudi, safari hii barakoa imekaa mahali pake, akaulizia kama paa linavuja. "Nililala usingizi wa mtoto mchanga," anasema Mama Vifungo. "Mama yangu aliniamsha akidhani nimezimia."

Sasa anapanga kununua cherehani ya umeme. "Mguu huu umenitumikia miaka kumi na sita, nao upumzike."

Simu yake inaita juu ya rundo la kola. Kwenye kioo panasomeka: Mwizi Wangu. Yule ofisa siku hizi ni mteja, anashonewa gauni na analipa kama wengine. Fundi suruali ananyoosha mkono kuidaka simu, anapigwa kofi vidoleni.

"Abee, mwanangu," Mama Vifungo anaitikia. "Njoo kesho ulijaribu. Chumba ni kilekile."