Kijino Chekundu cha Bi Mahfoudha

Bi Mahfoudha ana miaka hamsini na tisa, wajukuu wanne, goti la kushoto lisilotaka ngazi, na bastola yenye kibali ambayo mtaa wao wa Azaiba, hapo Maskati, unaijua kuliko unavyomjua mumewe. Alikuwa sajini wa polisi. Alipostaafu, sare aliirudisha, shabaha akakataa kuirudisha. Mwaka wa ishirini na mbili huu yumo katika timu ya kina mama ya klabu yao, na ukimwambia apumzike sasa, atakutazama kwa jicho moja, la pili kalifumba, na mwenyewe utajua njia ya kutokea.

Taabu ilikuwa jicho lenyewe. Tangu Ramadhani, kilengeo cha mbele, kile kijino cheusi kinachosimama juu ya mdomo wa bastola, kilikuwa kikimpotea. Akikitafuta, anaona ukungu. Alama zikashuka, na nahodha wa timu, binti mwenye adabu zake, akamwambia kwa upole kwamba Ijumaa saa kumi za jioni watachaguliwa sita wa timu mpya. Atakayekuwa wa saba, basi tena, Mungu amjaalie kheri. Bi Mahfoudha akaagiza kijino kipya chenye nukta nyekundu, ile nyekundu ya kuwaka. Kilifika Alhamisi jioni, na fundi wa silaha wa klabu alikuwa ameshakwenda zake Umra. Gereji za Wadi Kabir, Ijumaa mchana, zimefungwa. Sasa nyumbani kuna nani? Kuna Dakta Muatasim.

Dakta Muatasim, mumewe, alitibu meno miaka thelathini na nne. Kliniki aliifunga mwezi wa pili, na tangu siku hiyo mikono inamwasha. Kashatengeneza miwani ya jirani, saa ya ukutani, na blenda ambayo haikuwa mbovu mpaka alipoitengeneza. Zamani kila mgonjwa aliagwa mlangoni kwa maneno yale yale: "Rudi baada ya miezi sita." Siku hizi hana wa kumrudia, maskini, na mara mbili Bi Mahfoudha amemsikia akimwambia muuza samaki.

"Mama Aliya," alisema Ijumaa ile, walipokwisha kula, saa nane hiyo, "niachie mimi. Jino ni jino."

"Baba Aliya, hili si jino. Hiki kilengeo."

"Kina mzizi?"

"Kina pini. Inapita ubavuni, inakishika kisitoke."

"Basi kina mzizi," akasema, akaenda kuvaa glavu.

Kwenye silaha Bi Mahfoudha hana mchezo. Risasi zilikuwa chumba kingine, kabatini, ufunguo u shingoni mwake. Alitoa magazini, akaikagua chemba ya risasi kwa jicho, akaikagua kwa kidole, akarudia mara tatu, kisha akaivua ile sehemu ya juu inayoteleza, yenye kijino. Hapo mkononi kikabaki kipande cha chuma tu. Kilichokosekana ni jiliwa la kukibana. Akili ikampiga: mbuzi! Mbuzi ya kukunia nazi, ya marehemu mama yake, iliyotoka Unguja sanduku moja na Msahafu. Walikifunga chuma kwa kanga, wakakilaza juu ya mbao, penye mwanya, pini ipate pa kutokea. Dakta akaikalia mbuzi kama bi harusi anayefunzwa kukuna, taa kwenye paji la uso, barakoa mpaka puani.

"Barakoa ya nini, yakhe? Mgonjwa anapumua?"

"Hapumui. Nimezowea."

Akashika tindo nyembamba na nyundo yake ndogo, ko, ko, ko. Pini ya zamani ilitoka vipande viwili, na kijino cheusi kikang'oka. Alikiinua kwenye taa, akakigeuzageuza.

"Hakina usaha," akasema.

Bi Mahfoudha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka. Kipya kikaingia mahala pake, pini mpya ikapigwa ikakaa, na Dakta akavua glavu moja moja kwa madaha. "Khalas! Asipige mswaki leo."

Saa nane na nusu tu! Bi Mahfoudha akaiunganisha bastola, tupu, akaielekeza ukutani, akafumba jicho. Cheusi. Akafumbua, akafumba jingine. Cheusi tena.

"Baba Aliya, nyekundu iko wapi?"

"Si hiyo hapo, inaniangalia!"

Na kweli ilikuwa ikimwangalia yeye, aliyesimama mbele, pembeni kidogo. Kijino kilikuwa kimekaa nyuma mbele. Miaka thelathini na nne kila mdomo aliutazama kwa mbele, na hata huu alikaa akauelekea, akakipanga kijino kimwonekee yeye daktari!

"Wee mwanamme, nnataka kinitazame mimi! Shabaha ndiyo inaiona nukta, mie sioni kitu!"

Angeweza kukasirika, na haki angekuwa nayo. Lakini alipomwona mumewe kasimama na taa yake pajini, kakodoa macho, kicheko kilimkamata mbavu, akaangukia mito. Dakta naye akaanza. Mke kwikwi, mume machozi, saa inakwenda.

Saa tisa kasorobo wakarudi kwenye mbuzi. Ko, ko, na pini mpya ikaruka, tii! kwenye marumaru, ikaenda isikojulikana. Walipiga magoti wote wawili, watu wazima wale, Dakta akiingiza kioo chake cha meno chini ya kochi. Walipata hereni ya mjukuu. Walipata kokwa tatu za tende na betri. Pini hawakuipata, na pakiti ilikuja na moja tu.

Kicheko kikakatika. Bi Mahfoudha alikaa pale pale chini, goti linamuuma. Aliogopa, nami sioni haya kumsemea. Hakuogopa kushindwa. Aliogopa kuwa bibi aliyewahi kupiga shabaha.

"Ntampigia Jawaher," akasema. Jawaher ni shoga yake, wamesimama pamoja mstarini tangu mwanzo. "Amwambie nahodha, nafasi yangu apewe mwengine."

Dakta alikuwa amekiokota kipande cha pini ya zamani, anakipima kwa kipimo chake. "Moja nukta sita," akasema. Akapima tena. "Milimita moja nukta sita!" Akakimbilia chumbani, akarudi na kile kikasha cha pete cha mahameli. Bi Mahfoudha alikijua. Kila Jumamosi hufutwa vumbi. Ndani mna ncha ya kutobolea jino, ile ya mgonjwa wa mwisho, siku aliyofunga kliniki.

"Shina lake moja nukta sita," akasema. "Dunia nzima ni hiyo hiyo."

"Hiyo usiikate, Muatasim." Jina lake hulitaja kwa nadra.

"Imetoboa matundu maisha yake yote. Sasa na izibe."

Akaikata kwa mashine yake ndogo ya meno ya bandia, cheche zikaruka, nyumba nzima ikanuka kliniki. Safari hii Bi Mahfoudha mwenyewe alikishika kijino, nyekundu ikimtazama yeye, na Dakta akaigonga pini mpaka ikalala sawasawa. Akakivuta kwa nguvu zake za usajini. Hakikutikisika.

Walifika uwanjani bado dakika nne. "Ulikuwa wapi wewe?" Jawaher akamfokea.

"Kwa daktari wa meno."

Risasi za majaribio zilikwenda chini, maana kijino kipya kilikuwa kirefu kidogo, na kikirefuka risasi hushuka. Akapandisha mkono unywele mmoja. Na ile nyekundu, subhanallah, ilikuwa pale pale, kila alipofumba jicho ilikuwa pale, imetulia, inamngoja. Alipiga huku akitamani kucheka.

Nahodha alisoma majina. La nne Jawaher. La tano binti wa Seeb. La sita, kwa alama mbili tu, Mahfoudha. Jawaher alipiga vigelegele mpaka mwamuzi akainua kibendera, na nahodha, na adabu zake zote, akaruka.

Dakta Muatasim alikuwa nyuma ya mstari, vizibo vya masikio bado anavyo, hajasikia lolote, anasoma midomo ya watu. Bi Mahfoudha alimwendea, akamvua kizibo kimoja.

"Kinacheza?" akauliza, kabla ya yote.

"Hakichezi. Wa sita."

"Kinauma?"

"Hakiumi." Akamtazama kwa macho yote mawili. "Dakta, nirudi lini?"

Mzee alikohoa, akajiweka sawa, akanyoosha kanzu.

"Rudi," akasema, "baada ya miezi sita."