Samaki Niliowaachia Pasipo Kwao

Ipo asubuhi moja ya bandarini Kalundu ambayo hainitoki kichwani, mwanangu, na kwa kuwa nimesikia umepewa meza niliyoiacha, ile ya vibali vya wanyama na samaki hai, afadhali uisikie kutoka kinywani mwangu kabla wengine hawajakusimulia kwa kuitia chumvi. Hapa Uvira wapo wanaonisifu mpaka leo kwa ajili ya asubuhi ile. Wakinisifu huwa natafuta njia ya kuondoka.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Biolojia nimeisoma Kisangani, mhuri nimekabidhiwa majuzi tu, na mkubwa wangu alikuwa Bukavu kwenye mikutano isiyokwisha, kwa hiyo ofisi ilikuwa mimi. Kazi yenyewe unaijua: mtu anataka kuvua samaki wa mawe wa ziwa letu, wale wadogo wenye rangi ambao Wazungu huwafuga ndani ya vioo. Anakuja na barua, wewe unaangalia ni aina gani, wametoka wapi, wako wangapi, halafu unatia saini au unakataa. Mimi nilipenda kukataa. Nikikataa nilijiona mtu mzima.

Hebu nikukumbushe jambo moja ambalo hata wasomi hulisahau wakishapata mshahara. Samaki wa mawe hawavuki mchanga. Pale mawe yanapokatika ndipo dunia yao inapoishia, hata kama mawe mengine yako hatua mia tu mbele. Ndiyo maana kila sehemu yenye mawe ina samaki wake, na rangi yao. Mawe yetu, haya yaliyo kusini kidogo ya bandari, yalikuwa na samaki mweusi mwenye mkanda mpana wa rangi ya chungwa tumboni. Hakuwapo mahali pengine popote, wala ng'ambo ya Burundi, wala kule Baraka. Haya yote niliyajua. Niliyaandika kwenye mtihani na nikapongezwa.

Basi asubuhi hiyo boti ilitia nanga Kalundu ikitoka mbali kusini, na ndani yake mapipa ya plastiki yaliyojaa samaki hai bila karatasi yoyote. Mwenyewe aliponiona nimefuatana na polisi alijichanganya na wapagazi, akapotea. Nikabaki na mapipa. Nilipochungulia nikaona samaki wa jamii ile ile ya hapa kwetu, ila wao walikuwa wa kijani, mashavu mekundu, bila mkanda. Watu wakaanza kukusanyika. Akaja pia mtangazaji wa redio, akaniwekea kinasa sauti mdomoni, akaniuliza nitawafanya nini.

"Nitawapa uhuru wao," nilisema. Watu wakapiga makofi, na kichwa changu kikavimba.

Sasa palikuwa na mzee mmoja, Papa Wilondja, mzamiaji aliyewavulia wafanyabiashara samaki tangu ujana wake. Ofisi ilikuwa ikimwita kila tuliposhindwa kutambua samaki ametoka mawe gani, maana yeye alimtazama mara moja tu akakutajia mahali. Alipenya katikati ya watu, akainama juu ya pipa, akanishika mkono.

"Shefu, hii samaki haiko ya hapa. Iko ya kule mbali. Ukiimwanga hapa itaoana na ya kwetu, na ya kwetu itaisha."

"Papa, ziwa si ni moja?"

"Kwa weye iko moja. Kwa samaki haiko moja. Ungoje kesho, hii boti inarudia kule. Minye nitaenda nayo, nitakuwa naigeuzia mayi njia yote."

Alisema kwa sauti ndogo ili asiniaibishe. Na alikuwa na haki, mwanangu, wala hakuna neno hata moja nililokuwa naweza kumpinga. Nilimwambia kwamba baadhi ya samaki wameanza kuelea, kwamba hawatafika kesho. Huo ulikuwa uongo nusu. Ukweli ni kwamba kesho watu hawangekuwapo, wala redio.

Tukapakia mapipa kwenye mtumbwi, tukaenda hadi kwenye mawe, watu wakitufuata ukingoni. Nikainamisha pipa la kwanza kwa mikono yangu mwenyewe. Walishuka majini wakatawanyika chini ya mawe kwa namna nzuri sana, na watu wakashangilia. Nikamwaga la pili, na la tatu, mpaka yakaisha yote. Hapo ndipo nilipomwona Papa Wilondja ameingia majini na nguo zake, ameshika wavu wake mdogo, anajaribu kuwakamata. Alizama, akaibuka, akazama tena. Watu walikuwa wakicheka na kusema mzee amechanganyikiwa. Alitoka na samaki watatu, akawatia kwenye bidoni yake, dumu la plastiki, akaenda zake bila kumtazama mtu.

Nami nilicheka, mwanangu. Sitaki ulisikie hilo kwa mwingine.

Miaka ya kwanza sikuona kitu, na nikajisemea kwamba mzee alitia wasiwasi bure. Nilipandishwa cheo. Kisha, mwaka wa sita au wa saba, Papa Wilondja aliingia ofisini kwangu na beseni, akaliweka juu ya fomu nilizokuwa nazijaza. Mfanyabiashara mmoja alikuwa ameomba kibali cha kuvua wale wa mkanda, na samaki wa kuonyesha walikuwa humo. Nikatazama. Walikuwa na rangi ya matope. Mmoja alikuwa na kipande cha mkanda kilichokatika katikati, mwingine shavu jekundu lililofifia. Niliwageuza mmoja mmoja, nikitafuta hata mmoja aliye kamili.

"Shefu," mzee alisema, "andika jina yake."

Nilishika kalamu. Kwenye fomu kuna mahali pa jina na mahali pa asili, unapajua. Niliandika jina la zamani, nikapiga mhuri, kwa sababu kuandika ukweli kungekuwa kujishtaki mwenyewe. Mzee alichukua beseni lake akatoka. Tangu siku hiyo hadi nilipostaafu niliandika jina hilo kila mwaka, na kila mwaka lilikuwa la samaki asiyekuwapo.

Nilitafuta, usidhani sikutafuta. Kila kiangazi nilichukua wazamiaji, tukapekua mawe hadi yanapokoma. Mara nyingine mmoja aliibuka na samaki mkononi akipiga kelele za furaha, nikamshika yule samaki kwenye jua na kuona ukijani kwenye mkia. Nimekata tamaa. Hawarudi. Hata hawa wa matope wanapungua, maana milima imevuliwa miti na udongo wote unatelemka kuja kufunika mawe. Wakiisha, hakuna atakayejua kwamba kabla yao walikuwapo wengine.

Papa Wilondja alipougua nilimwendea nyumbani kwake Kalundu. Alikuwa amekonda, amelala upande mmoja. Nikapiga magoti kando ya mkeka nikamwomba msamaha kwa yote, kwa kucheka pia.

"Minye nimekusamehea zamani," alisema. "Lakini ile samaki benyewe ulikosea haiko tena. Nani atakusamehea kwa jina yabo?"

Aliniomba nimsaidie kugeukia upande wa pili, nikamgeuza.

Basi nakuusia hivi, mwanangu. Siku utakapokamata kiumbe aliyeibwa, usiulize utamwachia lini, uliza kwao ni wapi, na kama hujui, kaa naye mpaka ujue. Ukiona watu wamekusanyika kukutazama ukitenda wema, waondoe kwanza, halafu angalia kama bado unataka kuutenda. Akija mtu asiye na cheti akakushika mkono, simama. Na ukishakosea, andika kwamba umekosea, siku hiyo hiyo, hata kama karatasi itakufukuzisha kazi. Mimi nilikosea mara moja kwa pipa, na mara nyingi kwa kalamu.

Kuliombea ziwa nimeshindwa, maneno hayaji. Nakuombea wewe. Mungu akujalie mwenye kukuzuia mapema, na akufungue masikio wakati mtu huyo anaposema. Akuhurumie usije ukazeeka ukisifiwa kwa jambo ambalo wewe peke yako unajua lilikuwa kosa. Amina.