Mke Mwenzangu Hakuwa Mpole

Bibi yangu wa Kondoa alianza kuniita mke mwenzake kabla sijajua hata kufunga kanga. Babu alikuwa amekwishafariki zamani, lakini hilo halikumzuia kunigombeza kwa niaba yake. "Mume wetu kafa na njaa kwa uvivu wako," aliniambia kila ugali wangu wa uwele ulipotoka na mabuja ya unga mbichi. Nami nilimjibu, "Mume wetu alikufa ili apumzike na domo lako." Alicheka mpaka akashika ukuta. Kwetu bibi na mjukuu ni watani, na yeye aliushika utani huo kwa bidii kuliko alivyoishika ndoa yenyewe.

Hakuwa mtu mwema kwa namna ile inayosemwa misibani. Alisengenya mtaa mzima, kisha akaenda kumweleza kila mmoja alivyomsengenya. Alipopelekwa kwa shangazi, Area D mjini Dodoma, ili atibiwe presha, aliuliza watu wanawezaje kujisaidia ndani ya nyumba ileile wanayolala. Siku ya pili alimuuliza bosi wa shangazi, mbele ya sahani ya pilau, tumbo lile atajifungua lini. Alirudishwa Kondoa mapema. Nilimpenda mno.

Alifariki nyumbani kwake. Shangazi alifika na wenzake wa ofisini kutoka Dodoma, akatuita sisi wajukuu pembeni.

"Leo sitaki utani wenu," alisema. "Nina wageni wa heshima."

Kwa kawaida mjukuu huvaa nguo za marehemu akamwigiza alivyotembea na alivyofoka, ili wafiwa wacheke kidogo. Tukasema sawa, Shangazi.

Wanaume walipobeba jeneza kwenda makaburini, tukabaki wanawake kwenye mikeka. Shangazi akaanza kuwasimulia wageni wake. Mama alikuwa mpole. Mama alikuwa mtu wa maneno machache. Mama hakuwahi kumsema mtu. Majirani wakatazama miguu yao, maana hapakuwa na hata mmoja aliyesalimika. Mgeni mmoja akafuta machozi, na mimi nikashikwa na hofu. Kule walikuwa wanaufukia mwili, huku wanamfukia mwenyewe, na ikifika arobaini atakuwa amebaki kikongwe mpole ambaye hakuna aliyewahi kumwona.

Nikaingia chumbani kwake, nikajifunga kanga yake ya kushindia, nikatoka nimeinama, mkono kiunoni.

"Chai yangu mnainywa kama mmeajiriwa kuimaliza!" nikafoka. "Na wewe uliyejipulizia manukato, umekuja kuzika au kuposwa?"

Kisha mama mmoja akaangua kicheko na mkeka mzima ukamfuata. Nikamgeukia shangazi.

"Mimi mpole tangu lini? Au umenichanganya na mama wa watu?"

Shangazi alijifunika uso kwa mtandio. Nilidhani nimemuudhi, mpaka nikaona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na wageni wake wa heshima walikuwa hoi.

Nikanogewa. Karibu na mlango alikaa jirani wa bibi, mwanamke mzee wa rika lake, ambaye aligombana naye kila asubuhi kwa sababu ya kuku. Nikamnyooshea kidole.

"Na wewe! Kuku wako wamekula tena uwele wangu. Nitawachinja wote!"

Yeye hakucheka. Alijishika goti, akainuka taratibu, akaweka mikono kiunoni.

"Chinja!" alisema. "Chinja uone! Mwanamke mzima unaanika nafaka njiani, halafu unalaumu kuku?"

Watu wakapiga vigelegele. Yeye akabaki amesimama, ananitazama. Asubuhi zote zile, hapo ndipo bibi alipopandisha sauti na kumrudishia, wakarushiana mpaka wakachoka, kisha kila mmoja akaingia kwake ameridhika. Nikafungua mdomo. Kutembea kwake nilikuwa nako, kufoka kwake nilikuwa nako, lakini jibu lake sikulijua.

Vicheko vikapungua. Mzee yule akasogea hatua moja.

"Nijibu basi," akasema kwa sauti ya chini. "Nijibu, mwenzangu."