Somo la Mahira Hina Ikikauka

Saa nne asubuhi, Mji wa Kale. Mahira Abdulhalim ameinamia mguu wa bibi harusi, koni ya hina mkononi, na mazungumzo yake ni ya shingo ya kizazi.

Bibi harusi hana pa kukimbilia. Kwa mujibu wa kanuni za hina, zinazoheshimiwa kuliko taa za barabarani, aliyepakwa mikono na miguu hasimami, hashiki simu, wala pua hajikuni mpaka ikauke.

"Hapo ndipo watu husikiliza," asema Mahira, mwenye miaka 36.

Huwaeleza kuhusu HPV, kirusi ambacho wengi hukipata bila kujua, na ambacho kikikaa mwilini miaka mingi chaweza kuleta saratani ya shingo ya kizazi. Kipimo kipo. Wasichana wadogo huchanjwa bure.

Hina alifundishwa na dadake, Arafa. Arafa alivuja damu miezi minane akidai ni uchovu. Alipopimwa, saratani ilikuwa imeshaenea. Alifariki miaka minne iliyopita.

"Mpaka leo nikichora ua likatoka zuri, nageuka nimwoneshe," asema Mahira.

Arafa aliacha binti, Swabra, sasa ana miaka kumi na miwili. Analelewa na mama yao, Bi Zeyana, aliyekataa katakata mjukuu wake achanjwe. Bi Zeyana pia hajapaka hina tangu msiba ule. Leo, kwa ajili ya harusi, amekubali kupakwa.

"Zamu yako, bibi," bibi harusi amwambia. "Mie nishahitimu."

Bi Zeyana aketi mkekani. "Nakujua, Mahira. Wawafunga watu mikono kisha wawahutubia."

"Leo sisemi kitu, mama."

Na kweli hasemi. Wanaomfahamu watauita muujiza. Amaliza kiganja cha kushoto, aingia cha kulia.

"Hiyo sindano," Bi Zeyana asema ghafla. "Arafa angechomwa utotoni, angekuwa hapa?"

Koni yasimama.

"Utotoni mwake haikuwapo huku kwetu, mama. Hukumnyima kitu."

Machozi yamtoka Bi Zeyana, na mikono yake haiwezi kuyafuta. Mahira amfuta kwa ncha ya leso.

"Jumatatu nitampeleka Swabra. Mimi mwenyewe," asema mama. "Wewe utawachosha wauguzi."

Mahira acheka, kisha airudia koni.

"Nataka Swabra azeeke," asema. "Azeeke mpaka atuchoshe kwa kulalamikia magoti."