Mlango Unaongoja Hodi Tatu

Binti yangu Zeyana hatulii. Mchana huchapa kadi za harusi katika duka moja karibu na stendi ya Tanga. Akirudi, hata buibui hajavua, ameshafungua kompyuta. Anajifunza kutengeneza gemu za simu, na kuchora kwenyewe bado hajahitimu. Akichora mkono, vidole vinatoka kama ndizi. Anafuta, anarukia programu, programu inagoma, anarudi kwenye vidole.

Kitu kimoja tu hukichora bila kusita: mlango wetu wa nakshi, uliochongwa kwa agizo la marehemu Badr, babu wa mume wangu. Tangu ana miaka saba alikuwa akiunakili ua kwa ua. Basi akauweka kwenye gemu lake la kwanza, ambalo Ijumaa lilitakiwa lifike kwa watu wa Dar es Salaam wanaochagua vijana kumi wa kufundishwa bure.

Jumatano alikuja Talal, mtoto wa shemeji yangu, akalijaribu.

"Mama mkubwa," akasema akicheka, "nimefika mpaka jikoni kwako na hakuna aliyeniuliza."

Nikatazama. Kweli, kijana wa kwenye gemu aliusukuma mlango akapita moja kwa moja hadi ndani kwa wanawake. Na mlango ule mtaa mzima unaujua. Nikamwambia Zeyana autoe, la sivyo gemu halitumwi.

"Mwingine sijui kuchora, mama. Siku mbili hazinitoshi kujifunza."

Nilimjibu kwamba nyumba ya Badr haijawahi kuingiwa bila hodi, na haitaanzia kwenye simu za watu. Hakubishana. Alhamisi aliomba ruhusa kazini. Alikaa, akasimama, akauzunguka uwanja wa nyumba, akarudi kukaa. Chai yake ilipoa mara mbili.

Alasiri akaniwekea kompyuta mapajani. Nikabonyeza. Kijana alifika mlangoni, akasimama, akabisha hodi. Kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ilipokosa jibu aligeuka, akashuka ngazi akaenda zake, kama mtu aliyelelewa. Nikamrudisha. Safari hii sauti ya Zeyana mwenyewe iliitikia, "Karibu," na mlango ukafunguka.

Nikauinamia mlango ule wa kwenye kioo, nikaukagua ua kwa ua. Zeyana alikuwa akisimamia mara mguu huu, mara ule.

"Ua la juu kushoto lina petali sita," nikasema. "Wewe umechora tano. Gemu lisiende kesho na kasoro hiyo."

Hakungoja nimalize. Alikwishafika mlangoni, peku, akipitisha kidole kwenye mti na kuhesabu.