Hatua Sitini na Mbili Kutoka Kona ya Tangi

Enzi zetu, na ninaposema "zetu" ninamhesabu na mtu mmoja ambaye siku hizi hataki kuhesabiwa, kiwanja kilikuwa kiwanja. Kilikuwa nyuma ya shule yetu ya msingi, upande wa barabara inayoshuka kutoka Munigi, chini ya tangi kubwa la maji la saruji. Udongo wake ulikuwa mweusi na laini, unaingia katikati ya vidole vya miguu na hautoki hata ukioga mara mbili. Pembeni kulikuwa na majani, na mbuzi wa mlinzi waliyakata vizuri kuliko mashine yoyote. Mpira wetu ulikuwa wa majani ya migomba na kamba. Ukilowa mvua, ulikuwa mzito kama mtoto wa mwaka mmoja, na anayeupiga kwa kichwa alikwenda nyumbani bila kukumbuka somo la hesabu.

Mama yangu aliuza sambaza sokoni. Nilikuwa nachota vile visamaki vikavu mkono mmoja kabla ya kwenda shule, na mfuko wa kaptula yangu ulinuka ziwa hadi Jumapili kanisani. Mama alikuwa akiniambia, "Kichwa yako imekataa masomo, sasa miguu nayo inazurura. Mungu alikupatia nini ya kufanya kazi?" Hadi leo sijapata jibu. Nimebeba mizigo Bunagana, nimelala kwenye boti za Bukavu, nimeuza betri za redio Butembo. Kila mahali niliuliza maswali kuliko nilivyofanya kazi. Lakini kwanza nilikuwa mshambuliaji wa upande wa kuume, na hilo halitafutwa na mtu.

Huyo asiyetaka kuhesabiwa tulimwita Pima. Tulikaa dawati moja, tulizaliwa mwezi mmoja, mama zetu walisindikizana kwenda kliniki. Jina hilo alilipata kwa sababu kabla ya kila mchezo alipima kiwanja. Alianza kona ya tangi, kisigino kikigusa ukuta, akatembea akihesabu kwa sauti kwa Kifaransa kama tulivyofundishwa, hadi "soixante-deux", sitini na mbili. Hapo alichimba kishimo kwa kisigino. Hapo ndipo katikati, na katikati palikuwa pake. Wengine tulikimbia ovyo nyuma ya mpira kama kuku nyuma ya mahindi. Yeye alisimama kwenye kishimo chake akitupanga kwa kidole. Mimi alinichosha kuliko wote. Kila nilipopata nafasi ya kwenda golini, nilisikia nyuma yangu: "Weye! Rudi nyuma, umepita!" Weye, weye, weye. Nililia machozi ya hasira mara ngapi! Siku nyingine nilikataa kurudi, na mpira haukunifikia tena hadi jua likazama. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiwa na miaka tisa. Sasa mnaelewa kwa nini alifika mbali.

Kisha volkano ikamwaga moto wake. Sihitaji kuwaeleza watu wa Goma. Tuliporudi, shule haikuwepo, kiwanja hakikuwepo, kulikuwa na jiwe jeusi lenye moshi, na kona moja ya tangi ikiwa imejitokeza kama goti la mtu aliyezikwa vibaya. Tulikuwa na miaka kumi. Watoto walihamishiwa shule nyingine. Mimi sikwenda. Nilisimama pale nikimuuliza mwalimu kama kiwanja bado kipo huko chini, na kama majani yake yameungua yote au yamebaki kidogo. Mwalimu alinifukuza. Alikuwa amepoteza nyumba, nami namuuliza habari za majani.

Pima aliendelea kucheza juu ya mawe, akaingia timu ya mtaa, kisha timu ya mji. Tulipofika miaka ishirini na moja, akaja mtu kutafuta wachezaji wa kupeleka nje. Alimtazama Pima, akampenda, akauliza umri, akatikisa kichwa. Ishirini na moja ni mzee. Basi karatasi mpya ikapatikana. Sitasema wapi wala kwa mkono wa nani. Ninachojua ni kwamba Jumatatu tulikuwa na miaka ishirini na moja sote wawili, na Ijumaa mimi nilikuwa na ishirini na moja na yeye alikuwa na kumi na tano. Na ndevu.

Mama yake, Mkatoliki wa Rozari kila alfajiri, alikataa kusema uongo na alikataa kumharibia mwanawe. Akiulizwa umri wa kijana, alijibu, "Muulize karatasi." Akiwa nasi jikoni alisema, "Mutoto nilizaa na miaka yake yote. Ile sita imeenda wapi?"

Nawaambia imeenda wapi. Imechukuliwa kutoka kwangu. Kwa sababu mtu mwenye umri ule wa karatasi alikuwa na miaka minne volkano ilipomwaga. Kwa hiyo hakukaa dawati moja nami. Hakupima kiwanja. Hakuwahi kukiona! Alicheza Kigali, akacheza Lubumbashi, akacheza nchi moja ya theluji kwa misimu mitano, namba sita mgongoni, na kila mara waandishi walipomuuliza utoto wake alisema alijifunza mpira juu ya mawe ya lava, kwa sababu hajui kiwanja kingine. Nilikuwa naisikia redio, mahali popote nilipokuwa, na nilitaka kuitupa. Watoto wote wa darasa letu tukawa watu ambao hawakucheza na Pima.

Mwaka huu amestaafu. Magoti. Mngesikia mtaa wote unavyolia! "Miaka ishirini na nane tu, magoti yamekwisha! Wazungu walimchosha! Madaktari walimharibu!" Kijana mmoja wa Katindo, nywele zimekatwa kama ramani, alinieleza kwa saa nzima kwamba ni nyasi za plastiki. Vijana wa leo wana simu inayojua yote, wameangalia kila chenga iliyopigwa duniani, wanadai viatu vya rangi mbili kabla ya kujifunza kupiga pasi, na hakuna hata mmoja aliyejiuliza kama yale magoti ni ya mtu wa miaka thelathini na nne. Ukweli huo nilikuwa nao mdomoni. Ulikuwa ukiniuma kama jino.

Alirudi, na nyumbani kwake Keshero kukawa na sherehe, viti vya plastiki hadi barabarani. Nilikuwa nimejiambia kitu kimoja: sitaki zawadi yake, sitaki picha yake, nataka tu mbele ya watu aseme tulisoma pamoja. Neno moja. Niliposukumana hadi kwake, alisimama kwa shida, akanishika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayemheshimu mkubwa wake.

"Grand! Siku mingi! Watu wangu, huyu ni grand wangu wa mtaa, kaka yangu mukubwa. Nilipokuwa mudogo alikuwa ananibeba ku mugongo."

Ku mugongo! Mimi! Huyu aliyekuwa ananizidi urefu!

Mwandishi wa redio akanisogezea kinasa sauti. "Muzee, alikuwa mutoto wa namna gani?"

Pima alinitazama. Macho yake yalikuwa yale yale ya dawatini, siku mwalimu alipouliza nani kavunja ubao na mvunjaji alikuwa yeye.

"Alikuwa mudogo," nikasema. "Mudogo sana. Hata anaendelea kuwa mudogo." Wakacheka. Yeye hakucheka sana.

Baada ya kula, vijana walitaka kumwonyesha uwanja wanaofanyia mazoezi, kule juu. Tukapanda, kundi zima. Nikabaki nyuma nikiwa na hasira zangu. Njia inapita kwenye jiwe la lava, ambalo leo ni mtaa: nyumba za mbao, wamama wanaovunja mawe kuwa kokoto, nguo kwenye kamba. Na katikati ya hayo yote, kona ya tangi. Watu wanafungia mbuzi hapo.

Pima akasimama. Kundi likasimama. Akasogea hadi kwenye ile kona, akageuka, akabana kisigino ukutani. Kisha akaanza kutembea.

Hakutembea kama mtu mzima. Alitupa hatua fupi, fupi sana, kiatu karibu kugusa kiatu, mtu mrefu vile, kifua kama mlango. Midomo yake ilikuwa inacheza.

"Pima, juu ya nini unatembea sawa mutoto?" akauliza yule mwenye ramani kichwani.

"Magoti," akajibu bila kusimama.

Mimi nilikuwa nahesabu pamoja naye. Alipita kati ya nyumba mbili, akainama chini ya kamba ya nguo, akamwomba radhi mama mmoja aliyekuwa akipika maharagwe uani, na hapo, karibu na jiko, akasimama. Soixante-deux. Akachimba kwa kisigino. Lava haichimbiki, lakini alichimba.

Sijui nani aliiamuru miguu yangu. Nilijikuta naenda upande wa kuume, napita rundo la kokoto, hadi kwenye ua wa choo cha jirani, pale panapostahili kusimama mshambuliaji. Pananuka, lakini ndipo. Nikageuka nimtazame. Alikuwa ameshaniona. Kidole kilikuwa juu.

"Weye!" akapiga kelele, mbele ya redio, mbele ya mtaa wote. "Weye! Rudi nyuma, umepita!"

Vijana wakashtuka. "Anaongea vile kwa grand wake?" Mwenye ramani alitaka kunitetea. Nikamwambia anyamaze, anazuia mchezo.

Enzi zetu tulikuwa na kiwanja na hatukuwa na karatasi. Leo ana karatasi, pasipoti, ndoa na watoto walioandikwa kwa umri ule, na hawezi tena kuurudisha. Mimi sina hata kimoja. Na kiwanja kiko chini ya maharagwe ya mtu.

Nilirudi nyuma hatua mbili. Akaendelea kunyoosha kidole. Nikarudi ya tatu.