Gari la Mghanga Lapanda Chawia

Niliondoka Voi Alhamisi asubuhi kwa sababu Bwana Wafula alikataa kununua gari la marehemu mdogo wangu kwa kulitazama tu. Wafula anauza mbao hapa mjini. Baba yake alitoka magharibi kufanya kazi ya reli, akazeekea huku. Aliniambia, "Fundi, Voi ni tambarare. Hapa hata mkokoteni unaonekana mzima. Tulipeleke mlimani tulione."

Nikamwambia basi twende Chawia, kwetu, alikozikwa mwenye gari.

Sikuwa nimewahi kuketi ndani yake. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikajifunza kutengeneza malori ya dizeli, na kwa kazi hiyo nikawalea wadogo zangu wawili, Mkamburi na Mghanga. Mghanga alisoma hadi akapata kazi nzuri Mombasa. Mwaka jana alikuja gereji na gari la kijivu, la kifahari, limeinama kama duma, milango miwili tu. Akanifungulia mlango wa abiria. Nami nikamcheka mbele ya mafundi wote: "Milango miwili! Ndugu zako wataingilia wapi? Hili ni gari la mtu asiye na kwao."

Aliufunga mlango polepole. Alikuja mara mbili tena, na mara zote mbili nilijifanya nina kazi chini ya lori. Kisha akaugua kwa siku chache. Nilipofika hospitalini walikuwa wameshamfunika shuka.

Wazee wetu wa Taita husema kwamba hasira ya mkubwa, hata akiinyamazia, humwangukia mdogo. Tangu mazishi nilikuwa nabeba swali moja peke yangu: kama ni hasira yangu iliyomuua. Na sasa gari lenyewe lilikuwa linakwenda kwa mtu mwingine.

Saa mbili asubuhi nilikaa kwenye usukani. Nilisubiri taa ya kupasha injini izime, nikawasha. Nilizoea dizeli inayokohoa na kutikisa vioo, lakini hii ilivuma taratibu.

"Hii ni dizeli kweli?" Wafula aliuliza.

"Ni dizeli."

"Na hiyo taa ya manjano?"

Nilimweleza ukweli. Gari la namna hii lina kichujio cha masizi. Likikaa bure, au likitembezwa mjini tu, masizi yanajaa. Dawa yake ni kulipandisha mlima, lipate moto, liyachome lenyewe. Hili lilikuwa limesimama miezi mitatu chini ya turubai.

Mwatate tulisimama kuongeza mafuta. Msichana wa kituo alikuja na mpira wa petroli, tayari kuuingiza. Niliruka nje kabla sijafungua mkanda vizuri.

"Dada, ngoja! Ni dizeli!"

Alilitazama gari, akanitazama mimi na ovaroli yangu. "Hii? Wacha mchezo, kaka. Dizeli ni ya trekta za mkonge."

"Basi hili ni trekta limevaa suti," Wafula akasema, na yule msichana akacheka hadi akashika pampu. Mimi pia nilicheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, kisha nikaona haya.

Kutoka Mwatate barabara inaanza kupanda. Mashamba ya mkonge yalibaki chini, hewa ikapoa, migomba ikatokea kingoni. Nilitarajia gari liniombe gia ya chini kwenye kona kali. Halikuomba. Nguvu ilitoka chini kabisa, bila kelele, likatuvuta kama hatuna uzito. Wafula alishika mpini wa mlango. "Fundi, pole pole, nina watoto!" Kabla hatujaiacha lami, taa ya manjano ilizima. Tuliingia njia ya udongo, nikapunguza mwendo, maana tumbo la gari lilikuwa karibu kulamba mawe.

Saa nne tulifika kwa Shangazi Mshai, dada wa baba, ambaye nyumba yake iko upande wa juu wa makaburi yetu. Alitoka jikoni akifuta mikono kwenye leso, akaliona gari, akasimama.

"Nilidhani ni yeye," alisema.

"Ni mimi, shangazi. Huyu ni Bwana Wafula, anataka kulinunua."

"Karibu, baba. Ni gari zuri. Mwenyewe alinileta nalo kutoka kanisani, nikamwambia, mwanangu, gari la bei hii mbona lanuka kama lori? Akasema, 'Shangazi, nimetafuta la dizeli makusudi. La petroli lingeniweka mikononi mwa mafundi wa Mombasa. Hili likiharibika itabidi kaka anifungulie boneti.'"

Wafula alivua kofia, akatazama migomba.

"Shangazi," nilisema mwishowe, "nilimkasirikia. Ni mimi nilimuua?"

"Daktari alisema ni ini. Mimi si daktari, Mwadime." Aligeukia makaburi. "Lakini hasira bado umeishika. Hujatasa."

Kutasa ni desturi yetu: aliyemkasirikia ndugu hupiga funda la maji, akayapuliza chini, na kusema kwa sauti kwamba kinyongo kimetoka. Hufanyiwa aliye hai. Mimi nilikuwa nimechelewa. Hata hivyo shangazi aliniletea maji kwenye kibuyu, tukashuka makaburini.

Nilipuliza. "Mghanga, mtoto wa mama. Nilikukasirikia bure. Naitema hasira hiyo, iende na maji haya. Lala salama. Na atakayelichukua gari lako, afike aendako."

"Afike," shangazi akaitikia. Wafula, mtu wa kabila jingine na dhehebu jingine, naye akasema, "Afike."

Kurudi, Wafula aliendesha. Shangazi alitaka kushuka Mwatate kununua dawa ya presha, kwa hiyo nilikunja kiti cha mbele nikajipenyeza nyuma. Magoti yaligusa kiti, lakini nilienea. Kando yangu kilibaki kiti kitupu. Nilivihesabu: viti vinne. Familia yetu ilikuwa shangazi, Mkamburi, Mghanga na mimi. Siku ile gereji nilikuwa nimehesabu milango tu. Nililia kimya hadi Mwatate, na waliokaa mbele walizungumza juu ya bei ya mbao bila kugeuka.

Saa nane Voi, Wafula alizima injini. "Nitalichukua," alisema. "Kama wewe ndiye utakayelifungulia boneti." Nilimwachia ufunguo.

Safari ile haikuniambia kama nina hatia. Ilinifundisha kwamba nilikuwa nawalea wadogo zangu bila kuwauliza neno. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Bomeni, anakoishi Mkamburi, kuona shamba la ndizi alilokodi bila ruhusa yangu. Alinisubiri mlangoni, mikono kiunoni, tayari kwa ugomvi.

"Haya, sema."

Nilikuwa na mengi ya kusema. Nilivua viatu, nikakunja suruali, nikamwomba kwanza anitembeze shambani.